Ada ilifutwa, mtoto bado yuko kituoni

Barua ya wazi kwa kamati tendaji ya chama chetu cha wahitimu, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Mweka Hazina na wajumbe wote,

Shikamooni kaka na dada zangu.

Nimewaandikia faraghani mara mbili tangu Pasaka, na mara zote mbili nimejibiwa kwa upole kwamba hoja yangu, kwamba mfuko wetu umsaidie mtoto kufika shuleni kila siku, imepokelewa. Sasa mkutano mkuu umekaribia. Ajenda iliyosambazwa ina mambo mawili makubwa: hafla ya Januari ya kukabidhi misaada, na ununuzi wa kiwanja kule Chanika ili tujenge makao ya watoto. Kabla hatujanyoosha mikono kupitisha, naomba mnisome hadi mwisho. Sisemi haya kwa kuwachoka. Chama hiki ndicho kilichonisomesha.

Kwa wasionifahamu: Januari 2009 nilichaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza katika shule yetu. Bibi yangu, aliyekuwa akichoma vitumbua Mtoni kwa Azizi Ally, alikuwa na hela ya sare tu, tena ya shati moja. Ada ya shule ya kutwa wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake kulikuwa na mchango wa dawati, wa mlinzi, na mingine iliyokuja na majina mapya kila muhula. Wahitimu waliotutangulia walikuwa wamechangishana, wakaanzisha mfuko, na jina langu likaingia kwenye orodha. Risiti ya kwanza bibi aliikunja akaifunga kwenye pindo la khanga yake, akatembea nayo wiki nzima. Aliyemuuliza hali alionyeshwa.

Mtihani wa Kidato cha Nne niliufanya mwaka 2012. Tunaukumbuka wote. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walikuwa wamepata sifuri, na mimi nilikuwamo. Serikali ikayafuta, yakapangwa upya Mei, nikapanda hadi daraja la nne ambalo halikunifikisha popote. Nilijifungia ndani. Aliyekuja kunitoa alikuwa mjumbe wa kamati ya wakati ule, dada mmoja aliyekuwa akifanya kazi Posta. Hakuwa na wajibu wowote kwangu, kwa sababu miaka yangu minne ya kufadhiliwa ilikuwa imekwisha. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi maana kiti hatukuwa nacho, akaniuliza, "Unarisiti lini?" Hakuuliza kama nitarisiti, yaani kama nitarudia mtihani. Alinilipia, akanitafutia twisheni Temeke, na kila Ijumaa jioni alipiga simu ya bibi kuuliza wiki hiyo nimesoma nini.

Leo natafuta riziki kwa uhasibu. Ile ada ya miaka minne naiheshimu, lakini peke yake ingeniacha chumbani mle, nimejifungia. Kilichonivusha ni kwamba kulikuwa na mtu aliyejua wiki hii niko wapi. Hilo ndilo naona chama chetu kimelipoteza, na ndilo ninaloliombea nafasi kwenye mkutano.

Tumelipotezaje? Naona lilianza na jambo jema. Mwishoni mwa 2015 ulitoka Waraka wa Elimu Namba 5, na kuanzia Januari 2016 ada ikafutwa katika shule za serikali hadi Kidato cha Nne. Mwaka wa fedha 2022/23 Kidato cha Tano na cha Sita navyo vikaingizwa. Watoto wengi waliokuwa wamekata tamaa walivaa sare tena. Ila sisi lilitukuta tuna katiba ambayo ibara yake ya tatu inasema mfuko ni wa kulipia ada za watoto wa familia zisizojiweza. Lengo letu la kwenye karatasi likawa limeshatimizwa na serikali, wakati hela zinaendelea kuingia na moyo wa kusaidia upo. Hatukukaa kujiuliza mtoto anakwamia wapi sasa. Pengo tukalijaza kwa hafla.

Mimi ni mtu wa hesabu, niruhusuni. Mwaka wa masomo una siku 194. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni shilingi 200. Mtoto anayepanda gari moja kwenda na moja kurudi anahitaji shilingi 77,600 kwa mwaka. Anayeunganisha, na watoto wetu wa Mbande, Msongola na Kivule wanaunganisha, anahitaji 155,200. Hiyo ni karibu mara nane ya ile ada ya 20,000 iliyotufanya tuanzishe chama. Tena nauli haikopeki kama ada. Mama anayefua nguo za watu aliweza kuzunguka kwa ndugu mara moja kwa mwaka akaipata 20,000. Hawezi kuzunguka kwa ndugu kila alfajiri kutafuta mia nane.

Tangu Julai nimekuwa nikienda Mbande kila Jumatatu ninayoweza, kabla ya kwenda kazini. Kuna binti wa Kidato cha Pili aliyemo kwenye orodha yetu. Jina lake silitaji, nanyi mkimtambua msilitaje. Anafika kituoni saa kumi na moja na nusu, giza bado. Viatu vya shule vimo kwenye mfuko, miguuni ana ndala, kwa sababu mlangoni mwa daladala watu wanakanyagana na hivyo viatu ndivyo alivyonavyo hadi mwakani. Gari likija, konda anachungulia kwanza sare. "Wanafunzi wawili tu! Wengine subirini!" Konda naye ana hesabu ya kumpelekea jioni tajiri mwenye gari, na mtu mzima mmoja anamlipa zaidi ya wanafunzi wawili. Jumatatu moja nilihesabu magari manne yakimpita. Lile la tano alipanda kwa sababu mama mmoja mwenye ndoo ya samaki alimvuta mkono, akamwambia konda huyu ni mwanangu.

Tulipofika Rangi Tatu ilikuwa saa moja na dakika kumi, na bado alikuwa na gari la pili. Nilimuuliza akichelewa inakuwaje. Akasema geti likifungwa wanasimama nje hadi kipindi cha pili, halafu kuna adhabu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kuwa siku akiona saa moja na nusu imemkuta bado yuko Rangi Tatu, anarudi nyumbani. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza ratiba.

Na kurudi je? Zipo siku nauli ya kurudi ameila mchana, kwa sababu mchango wa chakula cha shuleni haukulipwa na njaa haijui waraka. Ada ilipofutwa, sare, madaftari, nauli na chakula cha mtoto wa kutwa vilibaki kwa mzazi. Siku hizo atatembea, au atapewa lifti na bodaboda. Wote humu ni watu wazima, wengine mna mabinti. Tunajua lifti ya bodaboda inadaiwa vipi baadaye kwa mtoto wa miaka kumi na tano.

Ndipo inapokuja kanuni yetu ya saba: mnufaika atakayepata ujauzito ataondolewa kwenye orodha. Iliandikwa zamani, na wakati ule ilikuwa inafuata utaratibu wa shule zenyewe. Lakini Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba binti aliyekatiza masomo kwa kujifungua anaruhusiwa kurudi darasani, na waraka ukatoka. Shule inampokea. Sisi, watu wa hisani, ndio bado tunamfuta. Mwaka jana tumefuta mmoja kwa mstari mmoja wa muhtasari, na hakuna aliyepiga simu kwao. Ningekuwa mimi kwenye ile orodha nisingependa kujua kwamba niliondoka kwa mstari mmoja.

Kanuni ya wastani nayo naiweka hapo hapo. Mtoto akishuka chini ya C ufadhili unasitishwa. Mimi nilipata sifuri, wakubwa zangu. Kwa kanuni hii, yule dada wa Posta angekatazwa kupanda ngazi za kwetu. Mtoto anayekosa siku mbili kwa wiki kwa ajili ya nauli atashuka tu wastani, halafu tunamwondolea msaada kwa kushuka. Natafuta mantiki yake na siioni.

Sasa hafla. Niruhusuni nieleze nilichokiona Januari iliyopita, kwa sababu wengi wenu mlikuwa jukwaani na kutoka jukwaani watoto wanaonekana kwa mbali.

Waliambiwa wafike saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa sita kasoro. Mahema mawili yalikuwa ya wageni na wanachama, watoto walipangwa mstari juani ili wakiitwa wasichelewe. Nilikuwa nyuma ya mstari nikigawa maji. Mvulana mmoja wa Kidato cha Kwanza, mdogo wa umbo, alipoitwa alikabidhiwa boksi lenye madaftari na viatu, akaambiwa aliinue juu apigwe picha, kisha aliinue tena kwa kuwa ya kwanza haikutoka vizuri. Msemaji akasoma kwa kipaza sauti jina lake, mtaa anaoishi, na maradhi yaliyomwondoa mama yake. Wenzake wa darasa moja walikuwepo. Nilimwona akishusha lile boksi taratibu hadi likamfunika uso.

Viatu vilikuwa namba 42. Anavaa 38. Nilijua kwa sababu nilimfuata nyuma ya darasa nikamkuta anajaza karatasi mbele ya kidole. Nilivibadilisha Kariakoo wiki iliyofuata, na nilipompelekea aliniomba kitu kimoja tu: mwakani asiitwe.

Picha ile bado ipo kwenye ukurasa wa chama, na jina chini yake. Ndugu Katibu, hili nakuomba ulishughulikie leo bila kusubiri mkutano. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za mtoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inalinda utu wake. Hata zisingekuwepo sheria, mama aliyekufa ana siri zake, na mwanawe ana shule ya kurudi Jumatatu.

Najua hoja ya upande wa pili, maana nimekaa na Mweka Hazina akanieleza: wachangiaji, hasa wenzetu walioko nje, wanataka kuona. Ni kweli, na ni haki yao. Ila kuna kitu cha kuwaonyesha kilicho bora kuliko picha. Daftari la mahudhurio. Mwalimu wa malezi wa shule yetu yuko tayari kutupatia kila mwisho wa mwezi idadi ya siku alizohudhuria kila mtoto wa orodha, kwa namba bila jina. Mchangiaji akiambiwa mtoto namba kumi na moja alikuwa akikosa siku tisa kwa mwezi na sasa anakosa moja, ameona hela yake inakwenda wapi. Na tukiambatisha taarifa ya benki, ambayo kwa vyovyote shirika lililosajiliwa kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 linatakiwa kutoa hesabu zake kila mwaka, sioni atakayelalamika.

Kuna jingine halihitaji hata hela nyingi, na limetugharimu kijana. Alimaliza Kidato cha Sita kwa ufaulu mzuri, akaomba mkopo wa chuo. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa, na yatima anatakiwa awe na cheti cha kifo cha mzazi, vyote vikiwa vimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Baba yake alizikwa Rufiji yeye akiwa darasa la tatu. Hakuna aliyeandikisha kifo kile. Watu walizika, wakasoma hitima, wakatawanyika. Alipoanza kuhangaika, dirisha la maombi lilikuwa limebakiza wiki mbili. Kutafuta barua ya mtendaji, mashahidi, kwenda ofisi ya wilaya na kurudi, wiki mbili hazikutosha. Sasa hivi anabeba mizigo Kariakoo. Alikuwa mikononi mwetu miaka sita, na kwa miaka sita hiyo hakuna kati yetu aliyemuuliza, "Una cheti?" Safari moja ya Rufiji ingetosha. Na mimi nimo kwenye lawama hii, nilikuwa mwanachama tayari.

Nimalizie na kiwanja.

Nia naiona na naiheshimu. Makao ni jengo, lina kibao, mtu anaweza kulionyesha kwa wanawe akasema hili tulijenga sisi. Lakini nimepitia orodha yetu yote, mtoto kwa mtoto, kwenye kaunta buku ninayotembea nayo. Hakuna hata mmoja asiye na mtu. Wapo kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama mdogo, kwa kaka mkubwa anayeendesha bajaji. Yupo anayelelewa na jirani aliyekuwa rafiki wa marehemu mama yake, na mama huyo hajawahi kutuomba chochote. Tukijenga Chanika tutawatoa kwa watu hawa ili wakalale kwenye vitanda vya ghorofa, na Jumamosi wageni waje na keki. Kuendesha makao kisheria kunataka leseni, maofisa ustawi, walezi wa usiku na mchana, chakula cha kila siku, mwaka hadi mwaka bila kukosa. Mfuko wetu wa kuchangishana kwenye kundi la WhatsApp, ambao mwezi wa Ramadhani na mwezi wa harusi unayumba, hauwezi kubeba hilo. Siku ukishindwa, mtoto atakuwa ameshakatwa kutoka kwa bibi yake.

Bibi yangu alikuwa masikini sana. Asingekubali mtu anichukue, na leo namshukuru kwa hilo kuliko kwa vitumbua.

Hela za kiwanja zikae benki. Zianze kutoka kidogo kidogo: kila Jumapili jioni, kwenye simu ya mlezi, nauli ya wiki ya mtoto wake, na kwa mabinti hela ya pedi iongezwe humo humo bila mtu kuulizwa. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike ilifutwa 2018 ikarudishwa mwaka uliofuata, kwa hiyo tusitegemee bei ishuke. Mchango wa chakula tulipe moja kwa moja shuleni, kwa wote walio kwenye orodha. Ibara ya tatu ibadilishwe, neno ada litoke, liingie neno mahudhurio au lolote mtakaloona linafaa, ila lisibaki lile. Kanuni ya saba na ya wastani zifutwe. Januari tusifanye hafla. Tupime miguu ya watoto Desemba, tununue, tuwapelekee nyumbani.

Na kila mwanachama anayeweza achukue watoto watatu awajue. Simaanishi awalipie. Awajue. Ajue cheti kipo au hakipo, mtihani wa Kidato cha Pili ni lini, bibi anaumwa au amepona. Apige simu Ijumaa jioni. Mimi nimeshachukua wangu, akiwemo yule aliyefutwa mwaka jana. Mtoto wake ana miezi saba, na mwezi uliopita nilikwenda naye shule kuulizia utaratibu wa kurudi. Mwalimu alimpokea vizuri. Ameambiwa aje Januari.

Mwenyekiti, Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao nitakuwa kituo cha Mbande saa kumi na moja na nusu alfajiri, upande wa magari yanayokwenda Rangi Tatu. Nitakuwa na koti la mvua la bluu. Nakuomba uje, na mjumbe yeyote anayeweza kuamka. Acheni magari nyumbani, mje na nauli mkononi, tupande nao hadi getini.

Mnufaika wenu na mwanachama mwenzenu,
Mhitimu wa Kidato cha Nne, 2012
Mtoni, Dar es Salaam